Kupeleka filamu ya mwani ZIFF

Waalaykum salaam, mdogo wangu wa Micheweni. Nimekuelewa: filamu yako ya kina mama wa mwani imekwisha, dakika 28, unataka kuipeleka ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, na hujui uanzie wapi.

Anza na sauti. Jukwaa la Ngome Kongwe, ambako tamasha huonesha filamu, liko wazi, na upepo wa pwani haumngoji mtu. Pale bibi anaponong'ona huku akifunga mwani kwenye kamba, wa nyuma hawatasikia kitu. Mimi yalinipata hayo kwa filamu yangu kwenye onesho la uwanjani, watu wakaanza kuinuka kabla ya nusu. Iliniliza sana. Ijaribu nje, kwa spika, usiku. Kisha weka tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, lakini Kipemba cha kina mama usikiguse hata neno!

Ule wimbo wa taarabu wa mwanzoni, omba ruhusa ya maandishi kwa wenyewe au uutoe. Kina mama nao watie saini, na waione filamu kabla ya mtu mwingine yeyote. Mambo ya kibali waulize BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar.

Akija mtu na mkataba wa kuinunua, usitie saini siku hiyo. Mpelekee wakili kwanza, akusomee hasa kifungu cha muda wa haki, yaani mnunuzi atazishika haki za filamu yako kwa muda gani.