MASWALI YENU: Nisipoforwardi video za Gaza, imani imepungua?

SWALI: Asalam aleikum. Mimi mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Niko kwenye grupu la WhatsApp la darsa la akina mama, tangu Oktoba 2023 kila siku ni video za Gaza, watoto kwenye vifusi, mwisho wanaandika "tuma kwa watu 20, ukinyamaza utaulizwa Kiyama". Mimi usiku silali, nikaacha kutuma, sasa naambiwa moyo wangu umekufa. Juzi imeletwa na namba ya simu tuchangie. Je napata dhambi?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Habari ya dhambi kamuulize shekhe wa darsa, mimi nitaongelea hizo video na hiyo simu yako.

Wenzako usiwakasirikie sana. Waumini ni kama mwili mmoja, kiungo kikiumwa mwili mzima unakesha, hiyo tumeisoma tangu madrasa. Zamani Palestina tuliisikia redioni na kwenye khutba ya Ijumaa, imamu anasoma dua ya kunuti, watu wanaitikia amina, wanarudi makwao. Sasa hivi maiti unayo mkononi huku unapika chai. Na nyingi ni za kweli, maana waandishi wa nje walizuiwa kuingia Gaza kivyao, wenyeji ndo wakawa wanarekodi, bila simu zao tungejua kidogo sana.

Shida ni vinavyochanganywa humo. Oktoba 2023 zilizunguka video za zamani za Syria zikaitwa Gaza, nyingine zimetolewa kwenye gemu ya kompyuta inaitwa Arma 3, mtu anaona ndege inatunguliwa anapiga takbira kumbe ni katuni! Halafu Mei 2024 ile picha ya mahema yaliyopangwa yakaandika "All Eyes on Rafah", yaani macho yote Rafah, mji wa kusini mwa Gaza, ilisambazwa Instagram zaidi ya mara milioni 40 ndani ya siku chache tu, nayo imetengenezwa na akili mnemba, kambi ile haipo. Picha halisi za mahema yaliyoungua Rafah wiki ile zina damu, mtandao unazificha na watu wenyewe wanaogopa kuziposti, kwa hiyo iliyosafiri ni ile safi isiyo na mtu hata mmoja ndani.

Angalia kwenye meseji, ukiona vimshale viwili na maandishi kwamba imesambazwa mara nyingi ujue imeshapita mikono mitano au zaidi, ndo maana tangu 2020 WhatsApp wanakuruhusu kuituma chati moja tu kwa wakati mmoja. Huyo wa "watu 20" anapambana na hicho kizuizi. Na Suratul Hujurat aya ya 6 inasema habari ichunguzwe kwanza, waulize kwenye grupu kama wanaikumbuka.

Waulize na hili. Sudan vita ilianza Aprili 2023, miezi sita kabla ya hii ya Gaza, watu zaidi ya milioni 10 wamekimbia makwao, mji wa El Fasher ulioko Darfur ulizingirwa karibu mwaka na nusu mpaka ukaanguka Oktoba 2025, na wanaokufa wengi ni Waislamu. Mlileta video ngapi? Na vita ya Cabo Delgado, Msumbiji je, hapo ng'ambo ya Ruvuma tu, tangu 2017? Sisemi mna roho mbaya. Sudan mtandao ulikatwa, na pale Mwislamu anauawa na Mwislamu mwenzie, hakuna adui wa kumwandika stetasi, basi video haina wa kuibeba. Simu ndo inakuchagulia wa kumlilia, na mnakubali.

Namba ya mchango: andika kiasi, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likija jina la mtu binafsi uliza hela inafikaje Gaza na mipaka ile inavyofungwa. Akikujibu kwa aya bila risiti, usitume. Grupu libaki ila lizime sauti, na uzime video zisijidownloadi zenyewe, wanao wasizikute kwenye galari wakitafuta katuni zao.

SWALI: Mimi Mkristo, niko Mwanza. Niliweka bendera ya Israel stetasi, jirani yangu Mwislamu akaweka ya Palestina, sasa hatusalimiani. Nifute?

JIBU: Ndugu, stetasi inajifuta yenyewe baada ya masaa 24, nongwa ndo imebaki. Gaza kuna Wakristo wenzio, Oktoba 2023 eneo la kanisa la Mtakatifu Porphyrius lilipigwa bomu wakafa watu waliokimbilia humo, na parokia ya Familia Takatifu Papa Fransisko alikuwa anaipigia simu karibu kila jioni. Jirani naye mkumbushe kwamba waliouawa tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas walipoivamia Israel, walikuwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo, mmoja mwili wake umerudishwa Novemba 2025, miaka miwili mizima familia haina cha kuzika. Haya mwambie mkiwa mmekaa kibarazani, akitaka kubisha akubishie hapohapo usoni.