Mchoro, modeli, sampo: kila kimoja na kazi yake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi mitambo hapa Mbeya. Mradi wangu ni mashine ya kupukuchua mahindi, na nimeandika muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya kikundi cha wakulima wa Mbozi watakaoitumia. Michoro, kimashine cha mbao nilichounda kwanza, hesabu, na mashine yenyewe ya chuma, vyote nimeviita "mfano". Mwenzangu anataka niandike "kielelezo", na fundi anayenichomelea Mwanjelwa husema "sampo". Lipi ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Umefanya jambo jema kuwaandikia wakulima kwa lugha wanayozungumza kila siku, na kwa sababu hiyo hiyo nakuomba ulipunguze neno "mfano". Si kosa, ila lina kazi nyingi mno: kuna mfano wa kuigwa, kuna mfano wa kufafanulia hoja, na kuna hicho kitu kidogo kilichoundwa kwa sura ya kikubwa. Tazama sentensi hii ya muhtasari wako: "Mfano ulionyesha kuwa punje zinavunjika." Mkulima atauliza, ni mchoro ulioonyesha, ni hesabu, au ni mahindi ya kweli yaliyopita kwenye meno yakavunjika? Mtu anayetaka kuchangia fedha ya mashine ana haki ya kujua. Mchoro hauvunji punje.

Basi jiulize kila mara: kitu ninachokitaja kimebeba nini cha mashine? Umbo tu, vipimo, mwendo, au mashine nzima?

Kilichobeba umbo na vipimo kwenye karatasi ni mchoro, na Kiswahili kinakuruhusu kuupambanua bila shida. Ule uliochora harakaharaka ukiwa unawaza ni mchoro wa mkono. Ule wenye sura tatu, mbele, juu na ubavuni, ambao fundi anakatia chuma, uite mchoro wa vipimo. Usiuite ramani, maana kwa mafundi wetu ramani ni ya nyumba au kiwanja. "Kielelezo" kiachie kazi iliyokizoea katika ripoti, yaani picha au jedwali lenye namba: "Tazama Kielelezo 3". Ukikitumia pia kwa kimashine cha mbao, msomaji atafungua kurasa akitafuta picha.

Kile kimashine cha mbao ni modeli. Neno limeshaenea, na linafaa kwa sababu modeli unaweza kuihoji: unazungusha mkono wake, unaona silinda inakwama wapi. Mwaka 1759 John Smeaton, mhandisi wa Uingereza, alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya kwa gurudumu dogo la maji. Alionyesha kwamba gurudumu linalomwagiwa maji kutoka juu linatoa takriban mara mbili ya kazi inayotolewa na lile linalosukumwa kwa chini. Mchoro peke yake, hata uwe mzuri namna gani, usingempa jibu hilo.

Hata hesabu inaweza kuwa modeli: iandike modeli ya kihisabati, kisha ueleze inachosema. Kwa mfano (hapa neno liko nyumbani kwake), mota inazunguka mara 1,450 kwa dakika, puli yake ina kipenyo cha milimita 100, na puli ya silinda milimita 250. Zidisha 1,450 kwa 100, gawanya kwa 250, unapata mizunguko 580 kwa dakika. Mkanda ukiteleza, silinda itazunguka pungufu ya hapo, na modeli yako haikuuhesabia mtelezo huo. Waandikie wakulima hivyo hivyo, wajue hesabu imeacha nini nje. Kama mwendo umeujaribu kwenye programu, hiyo ni uigaji wa kompyuta. Wengine huandika "uigizaji", lakini hilo tunalisikia zaidi jukwaani na kwenye filamu.

Fundi wako wa Mwanjelwa naye hajakosea. Sampo kwake ni kitu anacholetewa akinakili, kama geti la jirani au mguu wa kiti. Ila kwenye ripoti, "sampuli" ni sehemu iliyochukuliwa ili iwakilishe kilichobaki, kama sampuli ya udongo au ya mahindi uliyoyapima unyevu. Kile kipande cha boksi mnachowekea alama meno kabla ya kukata ni kiolezo, neno zuri ambalo ningependa lisikike zaidi karakanani.

Inabaki ile ya chuma, iliyopukuchua gunia la kwanza. Wapo wanaoiita "mfano wa awali". Mimi ningeandika mashine ya majaribio, kwa kuwa mkulima akiyasoma maneno hayo anaelewa mara moja mambo mawili: kwamba ni mashine kamili, na kwamba bado inaweza kubadilishwa. Sentensi yako sasa iwe: "Mashine ya majaribio ilivunja punje ilipozungushwa kwa kasi." Kisha taja kasi hiyo.

Kuhusu upatanisho wa kisarufi, ni modeli hii, modeli hizi, "mamodeli" hatuhitaji. Na badala ya "kumodeli", andika kuunda modeli.