Aurora na Redio ya Ridhaa

Swali: Ninaendesha redio ya ridhaa hapa Ujiji, Kigoma. Kwa nini aurora, ule mwanga wa rangi unaoonekana angani karibu na ncha za dunia, inapotanda siipati Alaska, ilhali Afrika Kusini naisikia?

Jibu: Ndugu msomaji, njia fupi kutoka Kigoma hadi Alaska hupita karibu na Ncha ya Kaskazini, ambako chembe zenye chaji zinazowasha aurora huongeza elektroni katika tabaka la chini la ayonosfea (sehemu ya anga ya juu yenye chaji za umeme), nalo likameza mawimbi mafupi kabla hayajarejeshwa duniani. Njia ya Afrika Kusini haikaribii ncha hizo, ndiyo maana unaisikia. Usihangaike kugeuza antena: njia ndefu, ile ya kuzunguka dunia kwa upande wa pili, nayo hupita karibu na Ncha ya Kusini, yenye aurora yake. Wenzako wa Ufini, kinyume chake, huifurahia aurora, kwani pazia hilo la mwanga, lililo kilomita 100 hivi juu, huwarudishia mawimbi ya megahezi 50 na 144, ingawa sauti hukwaruza hata wakalazimika kutumia alama za Morse.