Dini isiondoke shuleni

Mwanangu,

Wa aleikumu salaam. Umeniuliza kama si afadhali somo la dini liondolewe shule za serikali, kila mzazi amfunze mwanawe nyumbani. Umesema shule ya mjukuu wangu huko Nakuru haina mwalimu wa IRE, yaani somo la dini ya Kiislamu, kwa hivyo anaketishwa kwenye CRE, la Kikristo, na mtihani atafanya huo huo. Umeghadhibika, na haki unayo. Lakini kuliondoa sikubali.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 8, inasema nchi hii haina dini ya serikali. Cha 32 kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake. Hakuna mahali palipokatazwa kufunza dini, ndiyo maana mtaala una CRE, IRE na HRE ya Wahindu, mtoto achague moja. Sasa atachaguaje na mwalimu hakuna? Hapo ndipo anapodhulumiwa, na dhuluma hiyo dawa yake ni mwalimu.

Kuswali na kuhifadhi Qur'ani ni kazi yetu na ya chuo cha Qur'ani. Wewe ulikuwa ukirudi shule, unavua sare, unatia kanzu, mbio chuoni na juzuu kwapani hadi magharibi. Hayo sikuyangoja kwa serikali. Shule naitaka kwa jambo jingine: mtoto aijue dini ya jirani yake. Hapa Mombasa, toka hekalu la Majaini, wenye dini yao iliyotoka India, la Langoni hadi kanisa la Holy Ghost pale Nkrumah Road ni mwendo wa miguu, na misikiti iko kila upande. Mtoto anapita nje ya milango hiyo kila siku. Asipoelezwa na mwalimu yanayoaminiwa ndani, ataelezwa barazani na mtu mwenye chuki zake.

Kwa hivyo lawama yangu kubwa ni kwamba kipindi cha dini kikifika, watoto waliokuwa dawati moja hutenganishwa. Ningependa wabaki pamoja walau kipindi kimoja kwa wiki, wasikie habari za dini zote.

Tena kumbuka, wazee wetu wengi hapa pwani walizikimbia shule za misheni kwa kuogopa watoto wao watabatizwa. Sheikh Al-Amin Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alihimiza sana Waislamu wasome elimu ya kisasa na dini yao waishike. Ukiitoa dini shuleni, wako watakaowatoa watoto wao pia.

Nenda kwa mwalimu mkuu pamoja na wazazi wenzako Waislamu. Waambie Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka hata mfadhili wa shule alinde dini za wengine. Muulizeni imamu wa msikiti wenu kama yuko maalim wa kushika kipindi hicho, kisha muiombe bodi imruhusu. Mtihani wa CRE asilazimishwe. Kusikiliza, akipenda, mwache asikilize.

Nijulishe bodi inakutana lini.

Mamako