Pesa ya muziki shuleni iko, ulizia karatasi

Dada mmoja wa Voi ameniandikia juzi, shule ya mwanawe imetangaza kwaya haiendi mashindano mwaka huu ati serikali haijatuma pesa, na anauliza sisi huku Kilifi tulifanyaje mpaka watoto wetu wakaenda. Nimeona nijibu hapa hapa manake maswali kama hayo yamekuwa mengi, na sio kujisifu lakini sisi tulishinda, tena tulishinda watu wakitucheka.

Kisa chenyewe ni hiki. Muhula wa kwanza tukaitwa mkutano wa wazazi, bajeti ikasomwa, mpira wa miguu upo, voliboli ipo, muziki hakuna. Nikainua mkono nikauliza. Mjumbe mmoja wa bodi, simtaji, akanijibu kwa maiki kabisa, "Mama, hawa watoto tumewaleta wasome, hawakuja kutikisa kayamba." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hicho kicheko mimi bado nakisikia, sidanganyi. Na hizo kayamba zenyewe ungeziona! Mbili zilishapasuka matete, ukizitikisa mbegu zinamwagika sakafuni, mwalimu wa muziki alizifunga na selotepu akawa anafundishia hivo hivo. Ndio anasa tuliyokuwa tunaambiwa hiyo.

Sasa hesabu, manake hapa ndipo wazazi wengi wanapigwa chenga. Serikali iliweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na humo ndani kuna fungu la activity, yaani shughuli za nje ya darasa kama mpira na muziki, 1,500 kwa kila mtoto. Shule ya wanafunzi 600 hiyo ni 900,000. Ni kweli haziji zote, Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi mwenyewe aliwaambia wabunge wa kamati ya elimu kwamba serikali haiwezi kumudu hiyo 22,244 yote. Sawa. Lakini zikija pungufu si zipungue kwa wote? Mpira upate, muziki ukose kabisa, kwa nini? Hilo swali ndilo tulilong'ang'ania nalo, hatukwenda pale kuhubiri ati muziki unakuza akili ya mtoto, hayo kila mtu anayakubali halafu anakata pesa vile vile.

Tukaandika barua. Kuna sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari, inampa kila raia wa Kenya haki ya kuomba karatasi kwa taasisi ya umma, na inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Tukaomba kitu kimoja tu, mapato na matumizi ya fungu la activity. Wazazi tukatia sahihi, nakala moja ikaenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Hapo katikati kukawa na vikao na kimya na wazazi waliofuta sahihi zao wakiogopa watoto wataonewa, sehemu hiyo naruka. Karatasi ilipotoka, mpira una mistari chungu nzima, muziki una mstari mmoja na mbele yake wamepiga kistari tu. Siku tuliyoingia kikaoni na ile karatasi mkononi hakuna aliyecheka. Basi la kuwapeleka watoto likapatikana, kayamba mpya zikaagizwa kwa fundi Kaloleni, na wimbo wetu wa Kigiriama ukafika ngazi ya kaunti.

Kwa hivo dadangu, ulizia karatasi. Usianze na MCA, yule mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, wengi wanakimbilia huko na Katiba imeipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, msingi na sekondari ni za serikali kuu. Mbane mbunge, na umbane mapema, makadirio ya bajeti yanatakiwa yawe Bungeni kabla ya Mei kuanza, mwaka mpya wa fedha ni 1 Julai, ukipiga kelele Septemba utasikilizwa na nani? Na mtu asikwambie muziki si somo. Kwenye KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, muziki una namba yake, 511, na sekondari ya juu sasa ina mkondo mzima wa sanaa na michezo, watoto wa huko watafundishwa na nini, makofi?

Wazazi nasi tuacheni uoga jamani. Mkutanoni tumeinamia simu, tukitoka nje ya geti ndio tunanung'unika. Haya mashindano ya muziki yapo Kenya tangu 1927, yamepita ukoloni na kila serikali iliyokuja, halafu yafe kwetu sababu mtu kaona haya kuomba karatasi?

Yule mjumbe wa kayamba siku ya kupiga picha na cheti alisimama mstari wa mbele kabisa. Salamu yangu hajaipata mpaka leo.

Anayetaka nakala ya barua yetu aniandikie, atabadilisha jina la shule tu. Ila ipelekeni muhula wa kwanza, msingoje wa pili wenye mashindano, manake nusu ya pesa za mwaka ndio hupangiwa huo wa kwanza, na zikishaliwa hapo hamna cha kugombania.