Maswali ya Wasomaji: Je, aliyekuwa Rais ajibu mbele ya sheria kama raia mwingine?

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu Rais mstaafu Joseph Kabila ahukumiwe, hatuelewani hata ndani ya nyumba moja. Shemeji yangu anasema Rais aliyeondoka madarakani aachwe apumzike, kwa sababu kumhukumu ni kuiaibisha nchi nzima, tena huyu ni mtoto wa Katanga na anaonewa kwa ajili hiyo. Binti yangu, anayesoma sheria chuoni, anasema aliyeiba au aliyeua ajibu, awe nani. Mimi nimekaa katikati yao. Ninyi mnasemaje?
— Mwalimu wa sekondari, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mwalimu, binti yako amesema kweli, nasi tunakubaliana naye bila kuzunguka. Hata hivyo hofu ya shemeji yako haikutoka hewani, na mtu wa Lubumbashi ana sababu zaidi ya wengine za kuielewa, kama tutakavyoonyesha.

Tuanze na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Ibara ya 12 inasema kwamba Wakongo wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 164 inaitaja Mahakama ya Katiba kuwa ndiyo inayomhukumu Rais na Waziri Mkuu kwa uhaini mkubwa, kwa kuvunja uaminifu, na kwa makosa ya kawaida ya jinai waliyoyatenda wakiwa kazini au kwa sababu ya kazi yao. Kisha Ibara ya 167 inaongeza kwamba kwa makosa ya nje ya kazi mashtaka yanasimamishwa mpaka muda wao wa uongozi uishe, na wakati huo wote muda wa kisheria wa kulishtaki kosa hauhesabiwi. Anayezisoma ibara hizi kwa utulivu ataona kwamba waliotunga Katiba walikwisha kulijibu swali lako. Kinga ya Rais aliye kazini ina maana yake, kwa kuwa nchi haiwezi kuongozwa na mtu anayeitwa na parketi, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, kila Jumatatu. Lakini saa yake ya mwisho madarakani inapofika, sababu hiyo nayo imekwisha.

Baadaye mambo yalivurugwa. Tarehe 26 Julai 2018, Rais Kabila akiwa bado madarakani, ilitangazwa sheria nambari 18/021 kuhusu hadhi ya marais wa zamani waliochaguliwa. Sheria hiyo inasema kwamba Rais wa zamani hashtakiwi kwa matendo aliyoyafanya katika kutimiza kazi yake, na kwamba kwa matendo ya nje ya kazi hashtakiwi mpaka theluthi mbili ya wabunge na maseneta wakutane pamoja na kukubali. Kwa maoni yetu sehemu ya kwanza imepita kiasi. Fedha za serikali haziibwi na Rais kwa kuvunja mlango usiku. Huibwa kwa sahihi, kwa mkataba, kwa amri iliyopigwa mhuri. Ikiwa kila sahihi ni tendo la kazi, basi kalamu iliyoiba ndiyo hiyo hiyo inayomkinga aliyeishika. Tena ni vigumu kuona namna sheria ya kawaida inavyoweza kuifunga njia ambayo Ibara ya 164 ya Katiba imeifungua.

Majaji wetu wenyewe wameyumba. Augustin Matata Ponyo, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2012 hadi 2016, alipofikishwa mbele ya Mahakama ya Katiba kwa ajili ya fedha za mradi wa kilimo wa Bukanga Lonzo, mahakama hiyo ilisema mwezi Novemba 2021 kwamba haina uwezo wa kumhukumu, kwa kuwa hakuwa tena Waziri Mkuu. Mwaka uliofuata ikageuza msimamo wake, na tarehe 20 Mei 2025 ikamhukumu miaka 10 ya kazi za kulazimishwa, ingawa uongozi wa Bunge ulikuwa umeikumbusha kwamba kinga yake ya ubunge haikuondolewa. Hakuna rufaa dhidi ya uamuzi wa mahakama hiyo. Hapa hatusemi kwamba Bwana Matata hakutenda alichohukumiwa. Tunasema kwamba mshtakiwa aliyeambiwa jana «sisi si waamuzi wako» na leo «sisi ndio waamuzi wako» atawapata watu wengi wa kumwamini anaposema ameonewa, hata kama hakuonewa.

Sasa tuje kwenye kesi inayowagombanisha nyumbani kwako. Tarehe 22 Mei 2025 Seneti ilimwondolea Joseph Kabila kinga yake ya useneta wa maisha, maseneta 88 wakikubali na 5 wakikataa. Wanasheria kadhaa walisema kwamba kura ya Seneti peke yake haikutosha, kwa sababu sheria ya 2018 inataka mabaraza mawili pamoja. Kesi ilifunguliwa mwezi Julai mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi mjini Kinshasa, na tarehe 30 Septemba 2025 ikamhukumu adhabu ya kifo kwa uhaini, makosa ya kivita na mengine mazito, ikisema alishirikiana na AFC/M23, waasi wanaopigana na serikali huko mashariki, jambo ambalo yeye amelikana. Hakuwapo, wala wakili wa kumtetea hakuwapo. Aliamriwa kulipa fidia ya takriban dola bilioni 33.

Mashtaka yenyewe ni mazito kupita kiasi. Goma ilitekwa na waasi hao mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na ndugu zetu wa Kivu waliozika watu wao wana haki ya kujua nani alitoa fedha, nani alitoa shauri, nani alitoa amri. Ndiyo maana tunasikitika kwamba mashahidi wa upande wa serikali walisikilizwa bila mtu wa upande wa pili kuwauliza swali hata moja. Ushahidi usiojaribiwa humwacha mshtakiwa na kisingizio, na humwacha aliyefiwa na mashaka. Kisha liangalie jambo hili, Mwalimu, ambalo wengi wamelipita: kesi hiyo ilihusu hasa vita vya sasa. Miaka 18 ya utawala, kuanzia Januari 2001 hadi Januari 2019, pamoja na mikataba ya madini yetu hapa Katanga, haikufunguliwa. Kwa hiyo binti yako bado hajapata alichokuwa akikidai.

Tunarudi kwa shemeji yako. Wazee wa mji huu hawajamsahau Évariste Kimba, mtu wa Katanga aliyekuwa Waziri Mkuu kwa muda mfupi mwaka 1965. Mwisho wa Mei 1966 alikamatwa pamoja na mawaziri watatu wa zamani, wakishtakiwa kupanga njama dhidi ya Mobutu. Walipelekwa mbele ya mahakama maalumu ya kijeshi bila wakili. Kesi ikasikilizwa na kukatwa siku hiyo moja. Na tarehe 2 Juni, katika majira ya Pentekoste, wakanyongwa hadharani mjini Kinshasa mbele ya umati wa maelfu kwa maelfu. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Kongo nzima: mwezi Machi 1967 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo, mwezi Juni ndege aliyopanda ikatekwa na kupelekwa Algeria, na huko akafa kifungoni mwaka 1969. Tshombe alikuwa na mengi ya kujibu, na la kwanza ni kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji wetu usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Hakuna mahakama iliyowahi kumuuliza habari hiyo mbele ya wananchi hata tukasikia jibu lake. Naye Mobutu, ambaye chini ya utawala wake hukumu hizo zote zilitolewa, alikimbia mwezi Mei 1997 na kufa Rabat mwezi Septemba mwaka huo huo bila kusimama mbele ya jaji yeyote.

Hayo mambo mawili, kunyonga kwa siku moja na kuachia maisha yote, yametoka katika shina moja: mahakama iliyomtazama aliye madarakani kabla ya kuutazama ushahidi. Kwa hiyo tunataka marais na mawaziri wakuu wa zamani washtakiwe, lakini mbele ya jaji aliyetajwa na sheria kabla ya kosa, jaji wa kiraia, mwenye mahakama ya juu yake ya kusikiliza rufaa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika kanuni zake kuhusu kesi za haki, imesema wazi kwamba mahakama za kijeshi hazipaswi kuwahukumu raia kwa hali yoyote. Kuhusu kabila na mkoa wa mshtakiwa, tunaomba shemeji yako atusamehe: utoto wa Katanga haumfanyi mtu kuwa na hatia, wala haumwoshi.

SWALI: Mhariri, mimi huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kila juma kwa biashara. Wazambia wamewashtaki marais wao wawili na hawakupigana. Lakini kwetu, tukianza kuwafunga, ni nani atakayekubali tena kuacha kiti? Si afadhali kuwasamehe ili watoke kwa amani?
— Mama mfanyabiashara, Kampemba

JIBU: Mama, swali lako ndilo gumu kuliko yote tuliyopokea.

Ni kweli kuhusu Zambia. Frederick Chiluba alitawala kuanzia mwaka 1991 hadi mwanzoni mwa 2002, na mwezi Julai 2002 Bunge la Lusaka, ambamo chama chake mwenyewe kilikuwa na viti vingi kuliko chama kingine chochote, lilimwondolea kinga. Mwaka 2007 jaji wa Mahakama Kuu ya London, katika kesi ya madai iliyofunguliwa na serikali ya Zambia, aliamua kwamba yeye na wenzake walihusika na upotevu wa takriban dola milioni 46, akaeleza mpaka fedha zaidi ya nusu milioni ya dola zilizolipwa katika duka moja la nguo mjini Geneva, kwa suti na viatu vya Rais wa nchi ambayo watu wake wengi walikuwa maskini. Hata hivyo, katika kesi ya jinai, mahakama ya Lusaka ilimwachia huru mwezi Agosti 2009. Rupiah Banda naye aliondolewa kinga mwezi Machi 2013 na kuachiwa huru mwezi Juni 2015. Wote wawili walikaa nyumbani kwao, wakienda mahakamani na mawakili wao na kurudi. Wapo waliochukizwa na hukumu hizo, lakini Zambia iliendelea kubadilisha marais kwa kura, na mwaka 2021 Rais aliyekuwa madarakani alishindwa na akaondoka.

Si kila mahali mambo huwa hivyo. Jacob Zuma, Rais wa zamani wa Afrika Kusini, alipofungwa mwezi Julai 2021 kwa kudharau mahakama, ghasia za nchini humo ziliua watu zaidi ya 300. Hatuwezi kuficha hilo. Wala hatuwezi kusema kwamba ile sheria yetu ya 2018 haikununua chochote: siku chache baada ya kutangazwa kwake, tarehe 8 Agosti 2018, Rais Kabila alimtaja mtu mwingine kuwa mgombea wa kambi yake, na Januari 2019 nchi yetu iliona kwa mara ya kwanza Rais akimkabidhi mwingine madaraka bila risasi.

Lakini hebu tazama kilichotokea baadaye, Mama. Sheria hiyo iliyoandikwa ili kumlinda haikufika hata miaka saba kabla ya kusukumwa kando. Ahadi ya kinga hudumu kwa muda ule tu ambao anayefuata anataka kuiheshimu, na kiongozi mwenye akili analijua hilo, ndiyo maana haachi kuogopa. Kitu pekee kinachoweza kumtuliza anayeondoka ni kujua kwamba atakayemsikiliza ni jaji asiyepokea simu kutoka ikulu. Rupiah Banda aliipata nafasi hiyo na akashinda kesi yake. Kwa hiyo anayetaka marais watoke kwa amani ana sababu ya kudai mahakama huru kwa nguvu ile ile anayoidai anayetaka wafungwe.

Na msamaha? Unaweza kutolewa, ila baada ya ukweli kusemwa, na kamwe si kwa mauaji ya halaiki, ubakaji wa kivita au mateso. Hissène Habré wa Chad alikaa Dakar miaka mingi baada ya kupinduliwa mwaka 1990, akidhani yamepita. Wahanga wake waliendelea kudai na kukusanya ushuhuda, nyaraka za polisi yake ya siri zikapatikana N'Djamena mwaka 2001, na tarehe 30 Mei 2016 mahakama maalumu ya Kiafrika iliyoketi Senegal ikamhukumu kifungo cha maisha, naye akiwa amekaa mbele ya majaji na wahanga.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa kampuni ya serikali na sijalipwa haki zangu zote. Wakubwa wakihukumiwa, je, fedha zitarudi?
— Mzee wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi

JIBU: Mzee wetu, hukumu peke yake hairudishi hata franga moja. Uswisi ilizizuia mali za Mobutu mwaka 1997. Kwa miaka 12 Kinshasa haikufungua kesi ya kufaa ya jinai, muda wa kisheria wa kushtaki ukapita, na mwaka 2009 karibu franga milioni 7,7 za Uswisi ziliachiwa warithi wake. Nigeria ilifanya kinyume: Sani Abacha, mtawala wake wa kijeshi, alikufa mwaka 1998, serikali ikawaajiri mawakili na kufuatilia bila kuchoka, na hadi mwaka 2005 ilikuwa imerudishiwa zaidi ya dola milioni 700 kutoka Uswisi peke yake. Tofauti ilikuwa katika kufuatilia.

Kwetu mlango wa kuanzia upo tayari. Ibara ya 99 ya Katiba inawataka Rais na mawaziri watoe mbele ya Mahakama ya Katiba tamko la maandishi la mali zao na za familia zao kabla ya kuingia kazini, na tena wanapotoka. Tamko hilo hupelekwa kwa idara ya kodi. Katiba haisemi kwamba wananchi waonyeshwe. Wabunge wanaweza kuandika sheria ya kuyachapisha matamko yote mawili katika gazeti rasmi, na sheria hiyo haihitaji kumfunga mtu yeyote. Mbunge wako atakapokuja Kenya kuomba kura, mwulize kama ataipendekeza.