Nilimtukana mtu nisiyemjua, naye hanijui. Je, nina dhambi?

SWALI

Assalaam alaykum, Sheikh wetu. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nilimaliza chuo miaka minne iliyopita, kazi ya masomo yangu sijaipata, basi nafanya kazi ya zamu, yaani mlinzi, kwenye nyumba ya tajiri mmoja. Naingia jioni, natoka asubuhi. Usiku ni mrefu na sina wa kuongea naye. Niliingia kundi moja la mijadala kwenye simu, lina watu karibu 300, wa hapa, wa Kolwezi, wa Dar es Salaam na Mombasa, hata wa Ubelgiji. Hatujuani, wengi tunatumia majina ya kubuni. Tunabishana dini, siasa, ndoa, na kwa kweli nimejifunza mengi. Wiki tatu zilizopita tulibishana kuhusu kazi za migodini, nani azipate kwanza. Mmoja akanishinda kwa hoja mbele ya watu. Nikapandwa na hasira, nikamwandikia: "Nyamaza, kilulu wewe, rudi kwenu Kasai." Akajibu mstari mmoja tu: "Dada yangu alifia stesheni ya Likasi, alikuwa na miezi minne." Kisha akatoka kundini. Tangu siku ile sipati usingizi hata nikiwa nyumbani. Ustadhi mmoja aliyemo kundini ameniambia nisijisumbue: mtandaoni hakuna kusengenya wala kutukana kwa kuwa hatujuani, na anayeingia kwenye mabishano amekubali kupigwa. Je, ni kweli? Na je, niache kabisa kujadiliana na watu nisiowajua?

JIBU

Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Mdogo wangu, maswali mengine hukaa kwangu siku kadhaa kabla sijayajibu. Lako nimelijibu usiku uleule, kwa sababu ya mstari ule mmoja wa mwenzio. Mwaka 1992, watu wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa hapa Katanga, nilikuwa na miaka kumi na mmoja na tulikuwa tukikaa mji wa Likasi. Stesheni ile naijua. Jirani yetu, fundi umeme, mtu wa Kasai, alifukuzwa nyumbani kwake usiku pamoja na mkewe na watoto, nao wakaenda kulala nje ya stesheni na maelfu ya wengine, wakisubiri treni iliyokawia kuja. Mama alinituma niwapelekee maji. Nilimkuta mke wa jirani ameegemeza mlango wa nyumba yao kwenye magunia ili kuzuia upepo. Sijui waliubebaje. Ulikuwa mlango uleule wa rangi ya kijani niliokuwa nikiubisha kila asubuhi kumwita mwanawe twende shule, na komeo lake bado lilikuwa linaning'inia. Alikuwa ametandaza nepi juu yake. Watu walikaa pale wiki nyingi, wengine miezi, na watoto wakafa kwa maradhi.

Kabla ya mawe na moto, lilitangulia neno. Lilitoka kwenye mikutano ya wanasiasa, likashuka sokoni, likafika uwanja wa shule yetu: bilulu, wingi wa kilulu uliyoiandika wewe. Wadudu. Mimi nililiimba pamoja na wenzangu, na yule mtoto wa mlango wa kijani alikuwa amesimama pale akitusikia. Hatukumtaja jina. Hatukuhitaji. Ndiyo maana nikisoma kwamba asiyejulikana jina hatukanwi, siwezi kunyamaza.

Huyo ustadhi simjui, na sitaki kumjua kwa jambo hili. Lakini maneno yake yamezagaa, na vijana wetu wanayapenda kwa sababu yanawapa ruhusa.

Anasema hakuna kusengenya kwa kuwa hamjuani. Hapo ameokota nusu ya haki. Ni kweli wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wamesema kwamba kumtaja mtu ambaye wasikilizaji hawawezi kumtambua si ghiba. Ukisema "jana mtu mmoja alinidhulumu" na hakuna anayejua ni nani, hujamsengenya. Sababu iko wazi: hakuna aliyefikwa na madhara. Sasa niambie, huyu wako hakufikwa na madhara? Ghiba ni kumsema mtu asipokuwepo. Wewe ulimwandikia mwenyewe, akasoma, akaumia, akaondoka. Hiyo haijawahi kuwa mlango wa ghiba. Ni tusi la ana kwa ana na kudharau asili ya mtu, na aya yake ni ya 11 katika Suratul Hujurat: watu wasiwadharau watu wengine, huenda hao wakawa bora kuliko wao, wala msiitane kwa majina ya kejeli. Aya haikuuliza kama mmeshajuana. Kuchukua hukumu ya ghiba na kuitumia kuhalalisha tusi ni kama mtu anayesema samaki hachinjwi, kwa hiyo na mbuzi asichinjwe.

Wenye rai hii huwa wana dalili nyingine wanayoiringia. Wanasema Mtume (s.a.w.) alipokemea alisema, "Wana nini watu wanaofanya kadha na kadha?" bila kutaja jina, kwa hiyo pasipo jina hapana kosa. Subhanallah! Dalili hiyo inawahukumu wao. Mtume alisimama kwa uso wake na jina lake, akamfunika aliyekosea asiaibike. Huyu wa kundini anajifunika yeye, kisha anamfunua mwenzake mbele ya watu 300. Amegeuza sunna juu chini, halafu anaiita sunna.

Na hili la "amekubali kupigwa" ndilo linaloniudhi zaidi. Amekubali hoja yake ipigwe. Alitia saini wapi kwamba amekubali kabila lake litukanwe na kaburi la dada yake lifukuliwe? Mtu akikukaribisha barazani mwake mbishane, hajakupa ruhusa ya kumtemea mate.

Kama kuna anayedhani kidole kinachobonyeza simu si ulimi, asome Suratul Infitar: juu yenu wapo walinzi, waandishi watukufu, wanayajua mnayoyatenda. Hilo halihitaji maneno zaidi.

Najua utasema, "Lakini Sheikh, tunatakiwa kusema ukweli hata ukiuma." Kweli, na aliyepokea wasia huo ni Abu Dharr, sahaba wa Mtume. Imam Ahmad amepokea kwake kwamba Mtume alimuusia aseme haki hata ikiwa chungu. Sasa tazama jambo ambalo wapenda ukali hawalitaji. Abu Dharr huyohuyo, msema kweli huyohuyo, siku moja aligombana na mtu akamkashifu kwa asili ya mama yake, ambaye hakuwa Mwarabu. Wengi wanasema mtu huyo alikuwa Bilal. Mtume akamwambia, na hadithi iko kwa Bukhari: "Umemkashifu kwa mama yake? Wewe ni mtu ambaye ndani yake mna ujahili." Akamfundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula na tuwavishe tunachovaa. Miaka mingi baadaye msafiri mmoja alimkuta Abu Dharr huko Rabadha, yeye na mtumishi wake wamevaa nguo za aina moja. Akashangaa, akauliza. Abu Dharr hakuficha, alimsimulia: nilimtukana mtu, nikamkashifu kwa mama yake. Toba yake ilikuwa mwilini mwake, kila anayepita anaiona. Ukweli mchungu na tusi la asili vyote viwili vilipita katika kinywa cha mtu mmoja. Cha kwanza aliamrishwa, cha pili akaambiwa ni ujahili.

Na wewe hukusema ukweli wowote mchungu. "Rudi kwenu" ni ukweli upi? Kampuni ya migodi ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika hapa mwaka 1910, na mikono iliyochimba shaba ilitolewa Kasai, ilitolewa Rwanda na Burundi, ilitolewa Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Sisi Waislamu wa mji huu, wengi wetu wazee wetu walitoka Maniema. Babu yangu alikuwa mtu wa Kasongo. Ukianza kuwarudisha watu kwao, Ijumaa utaswali na nani?

Kuhusu jina la kubuni, si haramu kwa lenyewe. Watu wana sababu zao, na katika nchi yetu wengine wanalinda roho zao. Haramu ni kujidai sheikh nawe si sheikh, au mwanamke nawe ni mwanamume, au kulifanya jina hilo pango la kurushia mawe.

Je, uache kujadiliana? Sikuambii hivyo, ingawa najua wapo watakaokuambia jadala yote ni ya shetani. Qur'ani ina sura nzima, Al-Mujadila, yaani mwanamke anayejadiliana, iliyoitwa hivyo kwa ajili ya Khawla bint Tha'laba. Alijadiliana na Mtume mwenyewe kuhusu mumewe, na Mwenyezi Mungu akasema amekwisha yasikia maneno yake. Hakumkaripia, alimteremshia hukumu. Suratun Nahl inatuamuru tujadiliane kwa njia iliyo bora, na Musa na Harun walipotumwa kwa Firauni, aliyekuwa akichinja watoto, waliambiwa wamwambie maneno laini. Mpinzani wako ana uovu kumzidi Firauni?

Lakini kuna jambo umelipitia haraka katika barua yako, nami nataka ulirudie: "akanishinda kwa hoja mbele ya watu." Ugonjwa uko hapo. Haikuwa migodi tena, wala haki, ilikuwa ni wale watu 300 wanaotazama. Imam Ghazali aliyahesabu mabishano ya namna hii kuwa miongoni mwa maafa ya ulimi, kwa sababu mtu hutafuta kuonyesha upungufu wa mwenzake. Imam Shafi'i alijadiliana na mwanafunzi wake Yunus wa Misri wakatofautiana, kisha walipokutana akamshika mkono na kumwambia: je, haifai tukawa ndugu hata kama hatukuafikiana katika jambo moja? Na Mtume amemdhaminia nyumba pembezoni mwa Pepo anayeacha ubishi hata kama haki iko upande wake, kama alivyopokea Abu Dawud. Wewe siku ile haki haikuwa hata upande wako.

Basi endelea ukiweza kushindwa. Mtu asiyeweza kuandika "hapa umenizidi, nilikuwa sijui" asiingie. Ukisikia hasira, Mtume amesema aliyesimama akae. Wewe ni zamu, umesimama getini: kaa, weka simu chini, zunguka ua mara moja na tochi yako kama unavyolipwa kufanya, kisha urudi usome tena ulichotaka kutuma. Na ndiyo, nyumba ile ni amana mikononi mwako. Mabishano ya saa nane za usiku yanakula amana hiyo.

Sasa deni lako. Umedhulumu heshima ya mtu, na haki ya mtu haifutwi kwa istighfari peke yake. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba mwenye dhulma ya nduguye, katika heshima yake au kitu kingine, atake ahalalishwe leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Hukuniambia kama mtu huyu ni Mwislamu. Haibadilishi kitu. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia kati yake na Mwenyezi Mungu, na wanazuoni wameeleza kwamba hata asiyekuwa Mwislamu anaingia humo. Pazia la jina la kubuni mlilokuwa nalo ninyi wawili halifiki huko.

Mtafute. Ametoka kundini, lakini namba au akaunti yake bado iko kwenye ujumbe wa zamani. Mwandikie faraghani, kwa jina lako la kweli. Usiandike "kama nilikukwaza", kwa sababu "kama" ni kumtilia shaka na maumivu yake. Andika ulichosema, sema kilikuwa dhulma, mpe pole ya dada yake, kisha nyamaza. Usijieleze kwamba ulikuwa umechoka. Usimwombe arudi kundini. Akikujibu kwa ukali, upokee. Asipojibu, usimfuate mara kumi.

Kisha ingia kundini, kwa kuwa tusi ulilitoa mbele ya watu, na uandike mbele ya watu haohao kwamba ulikosea na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na hoja. Watakucheka. Ustadhi wako huenda akakuambia umejidhalilisha. Mwache aseme. Kama mlango wa kumfikia umefungwa kabisa, mwombee heri, mtaje kwa wema palepale ulipomtaja kwa ubaya, na neno lile likiandikwa tena na mwingine, uwe wa kwanza kulikataa.

Mimi yule mwenzangu wa mlango wa kijani sikumpata. Treni iliondoka siku nikiwa shuleni. Wewe unayo namba.

Na upweke wako, mdogo wangu, nimeusoma. Miaka yote ile ya chuo, halafu getini usiku kucha, hakuna anayekuuliza unafikiri nini, mpaka unapata kundi la watu wanaokusikiliza. Sikulaumu kwa kulipenda. Lakini mtu mwenye akili ya kujadiliana kama wewe asikose baraza la watu anaowaona nyuso. Alasiri, kabla hujaenda zamu, tuna darsa msikitini, na tunabishana sana, hata mimi hukosolewa. Njoo. Na ukiona uzito kumwandikia yule bwana peke yako, njoo na simu yako tukae tuandike pamoja.

Wallahu a'lam.